Kisanduku cha Lifti, Mlango wa Pili

Kila Jumamosi nafungua kisanduku cha lifti
kwa ufunguo ninaouvaa shingoni pamoja na msalaba,
namwaga sarafu juu ya gazeti,
nahesabu: kumi, kumi, ishirini, kumi,
kifungo.
Cha koti. Cha kahawia, matundu manne,
uzi bado unaning'inia kama mkia wa panya.

Kupanda ni tetri kumi. Kushuka, bure.
Ndivyo tulivyopatana hapa Gldani
tangu miaka ile ya giza, umeme ulipokuwa mgeni
anayepita bila kuvua viatu.
Mashine haijui kusoma, inapima uzito tu,
na kifungo cha koti zuri la zamani
kina uzito wa kumi.
Mwezi wa nne kimoja, wa sita kimoja, wa nane viwili.
Sikumwambia mtu. Nimeviweka kwenye kopo la chai.

Habari nyingine, kwa anayezitaka:
maji yatakatwa Alhamisi, si Jumatano kama walivyobandika.
Yule mbwa mwenye hereni ya njano sikioni
amerudi, mnene kuliko alivyoondoka;
basi mtaa wa pili wanakula vizuri.
Mwana wa Dodo aliegesha gari juu ya vitunguu vya Lamara.
Lamara akapanda vitunguu juu ya gari.
Na lifti imekufa.

Ilikufa Jumanne, kati ya ghorofa ya sita na ya saba,
na abiria mmoja: gunia la viazi la Eteri.
Fundi akaja, akachungulia, akasonya.
Kamba mpya, lari mia tisa.

Tukakutana uani, kwenye meza ya tenisi isiyo na wavu.
Nugzar wa ghorofa ya chini akakunja mikono:
"Mimi nakanyaga ardhi. Lifti ni ya ndege."
Mzigo wa mwenzio, kanda la usufi.
Na Jumber wa ghorofa ya tisa siku ya kumi na tisa hajashuka,
mkate tunampandishia kwa zamu,
ngazi mia moja sitini na mbili,
nimezihesabu kwa magoti.

Tsiala hakuja kikaoni. Alikuwa robo ya anga,
roshani ya ghorofa ya nne, anasikia.
Mjue kwamba mzabibu wetu
mizizi yake iko dirishani kwa Nugzar,
aliupanda marehemu baba yake,
lakini jua liko juu, na zabibu hulifuata jua.
Chini ni majani na mbu.
Kila mwezi wa kumi Tsiala hujaza kapu,
hulishusha kwa kamba mpaka dirishani kwake,
kilo tano, kilo sita,
na hajawahi kuombwa.

Nugzar bado anasema "ardhi",
kapu likaanza kushuka.
Taratibu.
Likamgusa bega.
Tupu. Hata jani.

Hakuna aliyecheka. Dodo alikohoa tu.
Nugzar alilitazama lile kapu
kama mtu aliyechungulia kisima akajiona.
Akaingia kwake, akagonga mlango, akatoka
na lari hamsini, akazitupa humo kwa hasira,
na juu yake kipande cha jibini,
ionekane ni zawadi, isionekane ni deni.
Kapu likapanda likiyumba.

Jumapili ya pili lifti ikavuta pumzi.
Jumber akashuka, amenyoa, viatu vinang'aa,
mkono mmoja umelishika koti kifuani
kama mtu anayeapa mahakamani.
Nilimwamkia. Akaitikia,
akauliza kama bei bado ni ile ile.
Ile ile, nikasema.

Kopo liko mezani.
Uzi wa kahawia nimenunua, sindano nimeitunga.
Sijapata bado
namna ya kusema.